Maembe Yanataka Joto

Bomet,
Alhamisi, 10 Oktoba 2024

Shangazi Nyambeki mpendwa,

Nakusalimu kwa furaha ambayo haitatoshea kwenye karatasi hizi nne. Mimi ni mzima na mume wangu ni mzima. Mume wangu! Tangu tarehe kumi na saba Agosti nimeandika neno hilo hata kwenye vumbi la dirisha, na bado silichoki. Mama mkwe anakusalimu sana. Ng'ombe wake mweusi amezaa ndama jike, na mvua ya huku inashuka kila siku saa tisa kama mtu aliyeandikwa kazi.

Uliniambia simu yako ni ya bei na ya dereva tu, na kwamba habari za moyo ziandikwe. Basi nimetii, na Joab, dereva wako, ameahidi kukuletea barua zangu kwenye lori akirudi na kreti tupu. Hata hivyo simu yangu ilikufa, na Kipng'eno alisema watu wawili walio mwili mmoja wanahitaji simu moja. Anaenda nayo kazini, na mimi nabaki nikimwaza. Si ni vizuri?

Unataka kujua kazi yake. Yuko kiwanda cha majani chai, upande wa kunyausha. Majani mabichi yanamwagwa kwenye vitanda virefu vya wavu, halafu feni kubwa, kubwa kuliko mlango wa kanisa, zinapuliza hewa ya moto kutoka chini mpaka yalegee. Akirudi nyumbani ananukia majani mabichi. Nikimkumbatia naona kama nimekumbatia shamba zima.

Sasa biashara. Kibanda chetu sokoni kimepakwa rangi ya kijani, na mzigo wako wa kwanza umefika salama. Ndimu za Tanga zinatembea vizuri kwa sababu ya mvua na mafua. Watu wananunua na tangawizi, wanakwenda kuchemsha. Lakini maembe ya Tabora yananitesa, Shangazi. Watu wanafurahi kuyaona Oktoba, wakati yale ya Makueni hayajafika, wanakuja mbio, wanabonyeza, wanaondoka. Ni mawe. Siku nane yako kibandani na bado ni mawe, halafu yanaanza kukunjamana bila kuiva. Jirani yangu Fancy, anayeuza nyanya, aliniuliza mbele ya wateja, "Mongina, haya unauza ya kula au ya kujengea?" Soko zima lilicheka. Nami nilicheka, lakini moyo uliniuma, kwa sababu kibanda hiki ni cha akiba yote ya Kipng'eno.

Nifanye nini? Na utakuja lini? Harusini ulituma magunia mawili ya ndimu, na wageni walikunywa juisi mpaka mchungaji akaomba chupa ya kubeba. Lakini niliangalia mlango wa kanisa mpaka wimbo wa mwisho. Njoo, Shangazi. Ni mwendo wa asubuhi moja tu.

Wako anayependwa kupita kiasi,
Mongina, mke wa Kipng'eno


Isebania,
Jumatano, 16 Oktoba 2024

Mongina mwanangu,

Nimepokea barua yako. Karatasi nne, na mbili na nusu ni za Kipng'eno. Nimefurahi. Mimi ni mzima, goti linauma na kuacha. Kuku wako wa maziwa, yule uliyemwita hivyo kwa weupe wake, bado anataga.

Huku soko ni hivi. Ndimu bado zipo, lakini ukifika Januari kule Tanga jua litakuwa limezikausha mtini na gunia litapanda mara mbili. Uza kwa adabu sasa, usiwapunguzie bei watu kwa sababu una furaha. Maembe ya Tabora yataendelea kuvuka hapa mpaka baada ya Krismasi. Makueni wakianza kumwaga, na ni mwisho wa Desemba, hakuna atakayekuuliza embe la Tanzania. Kwa hiyo una wiki kumi, si zaidi.

Sasa hayo mawe yako. Embe la kusafiri linachumwa likiwa limekomaa lakini halijaiva, ili livumilie lori siku tatu. Hapa Isebania ninaliacha kwenye stoo ya mabati na linaiva lenyewe. Huko kwenu kwenye baridi litazeeka kabla ya kuiva. Maembe yanataka joto, Mongina, na hewa inayotembea. Usiweke dawa zile za unga, zinababua midomo ya watu. Tafuta mahali penye joto.

Kuja siwezi. Mzigo ni mwingi.

Shangazi yako,
Nyambeki


Bomet,
Ijumaa, 1 Novemba 2024

Shangazi yangu wa dhahabu,

Salamu nyingi kama majani ya chai! Sisi ni wazima, wazima kabisa. Ndama ameanza kurukaruka, mama mkwe amenifundisha kutia mkaa kwenye kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, na juzi alimwambia mwenzake kanisani, nikiwa nasikia, kwamba mkono wangu si mbaya. Nilirudi nyumbani nikitembea hewani.

Nilimsomea Kipng'eno barua yako tukila. Nilipofika pale pa joto na hewa inayotembea aliweka ugali chini. Akanyamaza. Unajua anavyonyamaza? Hujui, hujamwona, lakini ni kunyamaza kwa mtu anayefungua kufuli. Halafu akasema, "Mongina, mimi ninashinda mchana kutwa ndani ya joto na hewa inayotembea."

Shangazi, mume wangu ana akili! Alianza na kreti mbili, akazipakia kwenye boda, akazifunika na koti lake la mvua. Kule kiwandani kuna nafasi nyuma ya feni namba saba, kwenye mdomo wake unaovuta ile hewa ya moto, na hakuna mtu anayepita. Aliziweka hapo. Siku nne tu! Siku nne na yalitoka yakiwa na rangi ya jua la saa kumi na moja, laini, yananukia mpaka watu wa benki wanauliza harufu inatoka wapi. Sasa anapeleka kreti sita kwa mara moja. Siku hizi akinikumbatia hanukii majani tena, ananukia embe, na sijui nifanye nini na furaha hii.

Wateja ni wengi. Walimu, watu wa ofisi za kaunti, wenye hoteli wanaotaka juisi. Hata Fancy alikuja na shilingi zake mkononi, akaangalia pembeni, akasema, "Haya, nipe mawili ya kujengea." Nilimpa matatu.

Tuma kreti ishirini wiki ijayo. Tumeupata mlango, Shangazi. Kufika Desemba tutaweka mabati mapya.

Akupendaye,
Mongina


Isebania,
Jumatano, 6 Novemba 2024

Mongina,

Salamu baadaye. Toeni maembe hayo kiwandani leo hii.

Nilichuma chai miaka sita kabla hujazaliwa. Jani la chai linanusa kila kitu. Baba yako aliwahi kuweka vitunguu viwili chini ya kikapu chetu akienda navyo nyumbani, na karani wa kununua majani akakirudisha kikapu chote. Vitunguu viwili! Na ninyi mmeweka kreti sita za embe bivu kwenye mdomo wa feni inayopulizia majani ya wakulima wote wa huko. Nilikuambia mahali penye joto. Sikusema mahali penye chai.

Nilipiga simu mara tatu. Simu yenu hiyo ya mapenzi inapokelewa na yeye. Mimi ndiye niliyekulea, kwake ni mama mkwe, na hatujatambulishana. Wewe ni Mkisii, unajua siwezi kuanza kumjua mkwe kwa kumgombeza. Niliuliza tu bei ya nyanya nikakata.

Toeni.

Nyambeki

Leo ni tarehe 14, na hii ni karatasi ya pili, itafuata ile ya kwanza. Lori limezuiwa mpakani wiki nzima kwa sababu ya cheti cha nzi wa matunda. Barua ile imo kwenye lori na lori halitoki. Nimekwenda mara mbili kumwomba Joab aitoe aitume na gari lingine, ananiambia eneo limefungwa.


Bomet,
Ijumaa, 22 Novemba 2024

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi. Sote ni wazima, Bwana asifiwe. Mvua imezidi. Mama mkwe ana kikohozi kidogo, nampa ndimu na asali, anakusalimu.

Barua yako ilifika jana na mzigo. Asante kwa kutukumbusha. Usiwe na wasiwasi, hatuweki tena maembe kule. Sasa tunayaivisha nyumbani: tumetandika nyasi kavu karibu na jiko, kreti juu yake, na blanketi juu ya kreti. Ni lile blanketi la zawadi ya harusi, lenye maua. Yanachukua siku saba badala ya nne, lakini yanaiva.

Na nikuambie, nina raha! Leo Kipng'eno alinikaangia mayai saa tatu, akaniletea na chai kitandani, akasema malkia hawaamki kwenye baridi. Jana alishinda na mimi kibandani, akapanga ndimu kwa mstari kama askari. Wateja wanampenda. Anajua kumwambia mama mwenye mtoto, "Mama, hili ni la leo, hili ni la kesho, hili ni la kanisani Jumapili," na mama ananunua yote matatu. Kila siku tuko pamoja asubuhi mpaka jioni. Ni wanawake wangapi wanapata hivyo?

Bei bado ni nzuri. Kreti kumi na tano zatosha wiki ijayo.

Wako,
Mongina


Isebania,
Jumatano, 4 Desemba 2024

Mongina mwanangu,

Mimi ni mzima. Goti limepoa. Maembe yanavuka kwa wingi, malori yamepangana mpaka kwa kinyozi, na kwa kuwa ni mengi bei yake imeanza kulegea. Nimekuchagulia makubwa. Usichukue zaidi ya kreti kumi kuanzia sasa, Makueni wako njiani.

Nimesoma barua yako mara tatu. Mume wako anaingia kazini saa kumi na mbili asubuhi; uliniambia mwenyewe mwezi wa tisa kabla simu yako haijafa, na ulilalamika. Sasa saa tatu yuko jikoni anakaanga mayai. Jana yake yuko sokoni anapanga ndimu. Kila siku, asubuhi mpaka jioni.

Mimi ninauza matunda. Nikiletewa kreti iliyopangwa vizuri sana juu, naingiza mkono chini.

Kipng'eno anafanya nini nyumbani?

Nyambeki

Krismasi siwezi kuja. Mzigo.


Bomet,
Ijumaa, 13 Desemba 2024

Shangazi,

Salamu. Sisi ni wazima wa mwili. Nimekaa nyuma ya kibanda naandika juu ya kreti, Kipng'eno yuko mbele anahudumia, hajui naandika nini.

Ilitokea tarehe nane Novemba. Kule kiwandani kuna Madam Beverly, anayeonja chai. Vikombe vyeupe vinapangwa, anavuta kwa kijiko kwa kelele, anatema, anakwenda kingine. Siku hiyo alifika kikombe fulani, akavuta, akasimama. Akarudi nyuma. Akavuta tena. Akauliza, "Nani amekula embe humu ndani?" Watu wakaangaliana. Akasema, "Basi ni chai iliyokula." Wakafuata majani mpaka kitanda namba saba, na nyuma ya feni wakakuta kreti sita.

Chai kilo mia nane ilitengwa, haikwenda mnadani Mombasa. Wafanyakazi wote waliitwa. Kipng'eno akainua mkono kabla hajaulizwa mtu.

Meneja akamwambia, "Wewe unauza matunda?"

"Hapana, napenda maembe tu."

"Kreti sita?"

"Nayapenda sana."

Hakunitaja, Shangazi. Aliogopa wakijua ni biashara ya mke wake watasema alikuwa akitumia kiwanda kujitajirisha. Amesimamishwa bila mshahara mpaka kikao cha tarehe ishirini na moja Januari. Hapo wataamua kama anarudi au anafukuzwa. Ni miaka sita amefanya kazi hapo. Baba yake alifanya hapo mpaka akafa.

Alipofika nyumbani nilidhani atanikasirikia. Alikaa, akanitazama, akasema, "Lakini yaliiva, sivyo?" Nikacheka huku nalia. Nilikuficha kwa sababu sikutaka mtu yeyote aniambie nimeolewa vibaya, wala wewe useme ushauri wako ndio uliotuponza. Sijaolewa vibaya. Sijawahi kuwa na uhakika wa jambo lolote kama nilivyo na uhakika wa hili. Mayai yalikuwa ya kweli, Shangazi, na chai ya kitandani ilikuwa ya kweli. Nilichoacha ni sababu tu.

Sasa nami naingiza mkono chini ya kreti yako. Barua zako zote zinaisha na mzigo. Harusi, mzigo. Krismasi, mzigo. Tarehe kumi na saba Agosti hakukuwa na embe hata moja duniani, na ndimu zako zilifika bila wewe. Lori la Joab linatoka mlangoni pako na linafika mlangoni pangu, na kiti cha mbele kina nafasi. Nilimwambia mama mkwe kwamba huji. Alikuwa akikamua, akauliza tu, "Huyo shangazi alikaa wapi kabla ya Isebania?" Nikasema sijui, nilikuwa mdogo. Akakamua mpaka ndoo ikajaa. Halafu akasema, "Mwambie njia iko wazi na chai iko motoni."

Anajua nini ambacho mimi sijui?

Mongina


Bomet,
Ijumaa, 10 Januari 2025

Shangazi mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Tulikula Krismasi kwa mama mkwe, mbuzi na ugali wa wimbi, nikavaa ile nguo ya bluu.

Joab amekuja mara tatu, na mara tatu amenipa mzigo bila barua. Nilimuuliza kama u mgonjwa, akasema, "Huyo? Jana alinitukana kwa sababu ya kreti moja iliyopasuka. Ni mzima kabisa." Basi nikajua unanyamaza. Ninakaa na mtu anayenyamaza, kwa hiyo naweza kungoja.

Ilikuwa kama ulivyosema. Makueni wamemwaga. Maembe yamejaa mpaka kwenye mikokoteni ya stendi, makubwa, mekundu, yameiva njiani kwa jua la huko kwao, na yetu sita hayafikii bei ya moja la Oktoba. Nimesimamisha maembe. Lakini ndimu, Shangazi! Ndimu hazionekani. Hoteli za nyama choma zinanililia, mwenye hoteli moja aliniambia kachumbari bila ndimu ni saladi ya hospitali. Yeyote atakayeleta ndimu Bomet mwezi huu atatajwa kwa jina lake. Nina hakika tutasimama, hata kama mambo ya kiwandani yatakwenda vibaya. Kipng'eno ameanza kujua kuzichagua gizani kwa kidole.

Kikao ni Jumanne tarehe ishirini na moja, saa tatu. Amenyoosha shati lake la harusi tangu sasa.

Sitakuuliza tena. Nakupenda tu.

Mongina


Isebania,
Jumatano, 15 Januari 2025

Mongina mwanangu,

Mimi ni mzima. Kuku wako mweupe amekufa, nilimla, samahani.

Umeuliza, na nimechukua wiki tano. Nilikuwa na kibanda cha matunda kwenye kituo kimoja kabla ya kufika Sotik, kwenye njia hiyohiyo ya Joab. Nanasi, ndizi, ndimu. Ulikuwa unalala chini ya meza yangu mchana, kwenye magunia. Mwaka wa fujo za uchaguzi kilichomwa. Sijui ni nani aliyechoma, na jirani aliyetuficha jikoni kwake siku mbili alikuwa Mkipsigis kama mume wako, kwa hiyo usinielewe vibaya. Siku ya tatu nilikubeba mgongoni, una miaka sita, mzito kama gunia la ndimu, tukatembea mpaka upande wa Wakisii wenzetu. Nilikuambia tunahama kwa sababu matunda yana bei nzuri mpakani. Ukaamini, na nikaona ni vizuri ubaki ukiamini.

Nilisema siku ile kwamba sitakunywa hata chai upande ule tena. Hakuna aliyenisikia ila wewe, na ulikuwa umelala.

Halafu ukampenda kijana wa huko. Sina neno juu yake. Kilichonishinda harusini si yeye, ni lile duka la rangi ya manjano lililojengwa pale kibanda changu kilipokuwa. Joab aliniambia lipo. Maembe yangu yamepita mbele yake mara kumi na nne na mimi sijapita hata mara moja.

Nimepata magunia matano ya ndimu. Usiniulize kwa bei gani. Joab atatoka Jumatatu badala ya Alhamisi, na kile kiti cha mbele nimekilipia. Waambie kiwandani ushauri wa joto ulikuwa wangu. Au acha, nitawaambia mwenyewe.

Nyambeki


Bomet,
Ijumaa, 24 Januari 2025

Shangazi yangu, mama yangu,

Umelala chumba cha pili baada ya chakula cha mchana, na nasikia unavyokoroma. Barua hii nitaifunga ndani ya gunia tupu la ndimu uikute ukifika Isebania, kwa sababu mdomoni sitaweza bila kulia, na ukiniona nalia utaniuliza kama nimeuza gunia zima.

Joab ameniambia siri yako. Mlipofika kwenye lile duka la manjano ulimwambia asimamishe lori. Ulishuka. Ulisimama barabarani na mkoba wako. Halafu ukaingia dukani ukanunua kibiriti, ukarudi, ukamwambia, "Bei zao ziko juu. Twende."

Na kiwandani! Walikuambia ungoje getini, na dakika kumi baadaye nachungulia dirishani, nakuona ndani ya kikao umekaa kwenye kiti cha karani. Sitasahau sauti yako. "Maembe ni yangu. Biashara ni ya mke wake. Joto ndilo nililosema mimi. Huyu kijana kosa lake ni kusikiliza wanawake wawili kwa wakati mmoja." Meneja akauliza, "Mama, wewe unajua chai?" Ukamwambia, "Niliichuma kabla hujajua kufunga kamba za viatu." Madam Beverly alikohoa ndani ya leso, lakini mimi nilimwona anacheka. Jumatatu Kipng'eno anarudi kazini. Amepewa onyo la maandishi na kuhamishiwa uwanja wa kuni, mbali na feni zote. Anasema uwanja wa kuni una hewa nzuri, na akirudi jioni sasa nitakumbatia msitu.

Ila kilichonifanya nichukue kalamu ni cha jana kwa mama mkwe. Siku tatu ulikuwa hujanywa ila maji uliyobeba mwenyewe. Siku tatu ulikuwa unasema na mume wangu kupitia kwangu, kwa kuwa hamjatambulishwa, na yuko hatua mbili kutoka kwako: "Mwambie mumeo asogeze kiti." "Mwambie mumeo ndimu hazipangwi hivyo." Na yeye anasogeza, anapanga, anasubiri. Mama mkwe alikufunika blanketi jipya mabegani, si lile la maembe, akasema, "Sasa umetambulishwa," akamimina chai. Nilijua ni ile ya kilo mia nane. Waliwauzia wafanyakazi, na Kipng'eno alinunua mfuko mzima. Nilitaka kupiga kelele kwamba isiletwe hiyo.

Uliangalia kikombe. Mama mkwe alikuangalia. Ukakishika kwa mikono miwili, ukanywa kidogo, ukafumba macho.

"Ina embe," ulisema.

Ukanywa tena, mpaka chini. Halafu ukageuka, si kwangu, ukamnyooshea Kipng'eno kikombe moja kwa moja.

"Mkwe, ongeza."

Mongina